Orélie-Antoine de Tounens

Orélie-Antoine de Tounens (12 Mei 1825 – 17 Septemba 1878) alikuwa wakili kutoka Ufaransa ambaye mwaka 1860 alijitangaza kuwa mfalme wa Araucanía na Patagonia, yaani nchi ya Wamapuche na majirani wao katika ncha ya kusini ya Amerika. Ufalme wake haukutambuliwa na serikali yoyote, na yeye mwenyewe hakuwahi kuutawala. Hata hivyo aliuandikia katiba kamili, yenye mfalme, mawaziri, mabaraza na bunge la kuchaguliwa na wananchi. Bunge hilo halikukutana hata siku moja.

Jina lake huandikwa pia Orllie-Antoine, na ndivyo alivyoliandika mwenyewe katika hati zake za kifalme. Wanaofuatilia habari za nchi ndogo za kujitangaza humhesabu kati ya watangulizi wao, na mara nyingi kisa chake husimuliwa kama kichekesho. Kwa Wamapuche kina uzito zaidi, kwa sababu alifika kwao katika miaka ya mwisho ya uhuru wao.

Maisha ya awali

Tounens alizaliwa La Chèze, kitongoji cha kijiji cha Chourgnac katika mkoa wa Dordogne, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Wazazi wake walikuwa wakulima wenye watoto wengi na uwezo wa kadiri. Katika ukoo wao kulikuwa na masimulizi kwamba babu zao wa kale walikuwa makabaila, na katika miaka ya 1850 familia ilipata idhini ya mahakama kurudisha mbele ya jina lao neno dogo la de, ambalo kwa Wafaransa ni dalili ya ukabaila.

Alisoma sheria akawa wakili katika mji wa Périgueux. Kazi ilimpatia riziki lakini haikumtosheleza. Alipenda vitabu vya safari na ramani, na inasemekana alisoma La Araucana, utenzi mrefu wa karne ya 16 ulioandikwa na Alonso de Ercilla, askari Mhispania aliyepigana na Wamapuche na kusifu ushujaa wao. Mwaka 1858 aliiacha ofisi yake, akasafiri kwa meli hadi Chile na kushuka katika bandari ya Coquimbo. Muda wa karibu miaka miwili alikaa Chile akijifunza Kihispania na kukusanya habari za kusini. Fedha zilitoka kwake na kwa jamaa zake nyumbani, ambao baadaye walilemewa na madeni ya safari zake.

Nchi aliyoiendea

Ili kuelewa alichokifanya Tounens ni lazima kwanza kujua hali ya Araucanía ilivyokuwa. Wahispania walijaribu kuishinda nchi hiyo tangu karne ya 16 wakashindwa. Tarehe 6 Januari 1641, katika mkutano wa Quilín, gavana wa Hispania alifanya mapatano na wakuu wa Wamapuche, na mto Biobío ukawa mpaka. Upande wa kaskazini ulikuwa wa mfalme wa Hispania, upande wa kusini ulikuwa wa Wamapuche wenyewe. Jambo la namna hiyo halikuwa la kawaida katika makoloni ya Hispania.

Mikutano kama ule wa Quilín Wahispania waliiita mabunge, na jina hilo lilistahili. Wamapuche walikuwa na desturi yao ya zamani ya kukutanika, iitwayo koyagtun, ambapo wakuu wa koo, yaani lonko, walikaa pamoja na kusikilizana kwa hotuba ndefu. Msemaji hodari aliheshimiwa kama mpiganaji hodari. Hakukuwa na mfalme. Wakati wa vita wakuu waliweza kumteua kiongozi mmoja wa kivita, toqui, lakini mamlaka yake yalitegemea vita hivyo na kukubaliwa kwake na wenzake. Kila ukoo ulibaki na sauti yake, na mkuu aliyekubali jambo hakuweza kumfunga mwenzake ambaye hakulikubali. Kwa mgeni ilionekana kama vurugu. Lakini kwa utaratibu huo huo mikutano mikubwa na Wahispania ilifanyika tena na tena, kwa mfano Negrete mwaka 1726, 1793 na 1803, na mamia ya lonko walihudhuria pamoja na watu wao, wakala, wakapeana zawadi na kukariri upya mapatano ya zamani.

Chile ilipopata uhuru iliendeleza desturi hiyo kwanza. Mnamo Januari 1825, mwaka aliozaliwa Tounens, wawakilishi wa jamhuri mpya walikutana na lonko Francisco Mariluán huko Tapihue, wakapatana juu ya amani na juu ya mto Biobío. Miaka 27 baadaye mambo yalikuwa yamebadilika. Kwa sheria ya tarehe 2 Julai 1852 Bunge la Chile liliunda mkoa wa Arauco, uliojumuisha ardhi ya Wamapuche kusini mwa mto. Wabunge wa Santiago walitunga sheria kwa ajili ya nchi ambayo jeshi lao halikuishika na ambayo wakazi wake hawakuwa na mbunge. Walowezi walikuwa tayari wanavuka Biobío wakinunua mashamba kwa hati za mashaka. Mwaka 1859, wakati wa uasi dhidi ya rais Manuel Montt, lonko mzee Mañil na wenzake waliungana na waasi na kushambulia makazi ya walowezi hao.

Hiyo ndiyo nchi aliyoiingia Tounens mwaka 1860. Alikuwa amewasiliana na Mañil kabla ya kufika, lakini Mañil alifariki mwaka huo huo. Mwanawe Quilapán, aliyerithi uongozi na chuki dhidi ya uvamizi wa Wachile, ndiye aliyempokea.

Kutangazwa kwa ufalme

Tarehe 17 Novemba 1860 Tounens alitia sahihi amri iliyoifanya Araucanía kuwa ufalme wa kikatiba wa kurithiana, naye mwenyewe akiwa mfalme. Hati hiyo ilisainiwa pia na Mfaransa aliyeitwa Desfontaine, kama waziri wa sheria. Siku tatu baadaye, tarehe 20 Novemba, alitoa amri nyingine ya kuiunganisha Patagonia, nchi kubwa upande wa mashariki wa milima ya Andes hadi bahari ya Atlantiki. Sehemu kubwa ya Patagonia hiyo hajawahi kuiona.

Aliipeleka habari kwa serikali ya Chile na kwa gazeti la El Mercurio la Valparaíso, ambalo liliichapisha. Serikali haikujibu. Alirudi Valparaíso na kukaa huko miezi mingi bila kusumbuliwa na mtu, akiandikia Ufaransa kuomba msaada. Kwa serikali ya Kaisari Napoleon III aliuita ufalme wake Ufaransa Mpya, akitumaini jina hilo lingewavutia. Halikuwavutia.

Katiba na bunge

Katiba ya Tounens ni hati ya wakili. Ilianza na ufalme na utaratibu wa kurithi kiti, ikaendelea na mawaziri, kisha Baraza la Ufalme, Baraza la Dola na bunge lenyewe, ambalo wajumbe wake wangechaguliwa kwa kura ya watu wote. Iliahidi pia uhuru wa mtu binafsi na usawa mbele ya sheria.

Mpango huo hakuubuni. Anayeijua katiba ya Ufaransa ya mwaka 1852 ataitambua mara moja. Chini ya Napoleon III Ufaransa ilikuwa na bunge lililochaguliwa na wanaume wote, lakini kupendekeza sheria kulikuwa kwa kaisari peke yake, na Baraza la Dola ndilo lililoandika miswada. Wabunge walipiga kura juu ya walicholetewa. Lilikuwa bunge lenye wapigakura wengi na nguvu kidogo. Tounens alichukua nguo iliyoshonwa kwa ajili ya Paris akaipeleka kwa watu waliokuwa na vazi lao.

Hapo ndipo penye jambo la ajabu kuliko yote katika kisa chake. Nchi aliyoitungia bunge ilikuwa na mabunge tayari, yenye umri wa zaidi ya miaka 200 katika kumbukumbu za maandishi, na zaidi ya hapo katika desturi. Katiba haikuyataja. Haikueleza lonko wangekuwa na nafasi gani, wala jinsi kura ingepigwa katika nchi isiyo na orodha ya wapigakura, wala lugha ya kujadiliana ingekuwa ipi, ilhali mfalme mwenyewe alizungumza na raia wake kupitia mkalimani. Mamlaka aliyopata mbele ya Wamapuche aliyapata kwa njia yao, si kwa katiba yake. Mwishoni mwa mwaka 1861 alirudi Araucanía na kuzunguka kutoka mkutano hadi mkutano. Kila mahali lonko walikusanyika na wapanda farasi wao, wakamsikiliza, wakashauriana, na baadhi yao wakamshangilia.

Walikubali nini hasa? Wanahistoria wamejibu kwa namna mbalimbali. Serikali ya Chile ilidai kwamba aliwadanganya watu wasiojua kitu. Maelezo hayo ni dhaifu, kwa sababu lonko wa wakati ule walijua siasa za Chile vizuri na walikuwa wamejiingiza katika vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe zaidi ya mara moja, wakichagua upande kwa faida yao. Inaelekea zaidi kwamba walimwona kama mshirika, mtu wa taifa kubwa ambaye angeweza kuleta silaha na kuwasemea mbele ya dunia, na pengine kama kiongozi wa vita wa aina waliyoizoea, anayekubaliwa kwa muda wa hatari. Yeye alisikia neno mfalme.

Kukamatwa na kesi

Tarehe 5 Januari 1862 Tounens alikamatwa na askari wa Chile akiwa njiani. Aliyemsaliti alikuwa mtumishi wake, Juan Bautista Rosales. Alipelekwa Nacimiento, kisha katika gereza la Los Ángeles, ambako aliugua vibaya. Aliyesimamia kukamatwa kwake alikuwa Cornelio Saavedra, ofisa aliyekuwa na mpango wake mwenyewe wa kuivamia Araucanía hatua kwa hatua, kwa ngome.

Mashtaka yalikuwa ya kuvuruga amani ya nchi. Utetezi wake ulikuwa wa kisheria: Araucanía ilikuwa nchi huru, hivyo mahakama ya Chile haikuwa na mamlaka juu ya mambo yaliyofanyika huko. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Mapatano ya Quilín na Tapihue yalikuwapo, na kusini mwa Biobío hapakuwa na jaji, polisi wala mtoza ushuru wa Chile isipokuwa karibu na ngome chache. Kama mahakama ingeichukua kwa uzito, ingelazimika kuamua nchi ya Wamapuche ni ya nani. Badala yake ilimtangaza kuwa mwendawazimu na kuagiza apelekwe katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Santiago. Kwa uamuzi huo swali likaachwa bila kujibiwa, na Tounens akaokoka kifungo. Konsuli wa Ufaransa aliingilia kati, na kabla mwaka 1862 haujaisha alitiwa katika meli ya kivita ya Ufaransa na kurudishwa kwao.

Safari zilizofuata

Mwaka 1863 alichapisha kitabu kuhusu kutawazwa na kufungwa kwake. Magazeti ya Paris yalimcheka, ingawa wapo waliochangia fedha. Mwaka 1869 alirudi kupitia upande wa Atlantiki, akavuka Patagonia hadi Araucanía. Wamapuche walishangaa kumwona hai, kwani walikuwa wameambiwa amekufa. Saavedra alitangaza zawadi kwa atakayemleta. Fedha zikaisha, silaha alizoahidi hazikuja, na mwaka 1871 alikuwa tena Ufaransa.

Huko alianzisha gazeti dogo mjini Marseille, akagawa nishani na vyeo, na mwaka 1874 zikatengenezwa sarafu zenye jina la ufalme wake. Mwaka huo huo alijaribu mara ya tatu kwa pasipoti ya jina la Jean Prat, lakini ofisa mmoja wa Argentina alimtambua huko Bahía Blanca. Safari ya nne, mwaka 1876, haikufika mbali: aliugua sana nchini Argentina, akafanyiwa upasuaji, akarudishwa nyumbani.

Siku zake za mwisho alizipitisha Tourtoirac, karibu na kijiji alikozaliwa, kwa jamaa yake aliyekuwa mwuza nyama. Wenyeji husimulia kwamba alipewa kazi ya kuwasha taa za barabarani. Hakuoa wala hakuacha mtoto. Alifariki huko tarehe 17 Septemba 1878 akiwa na umri wa miaka 53, na kaburi lake bado lipo.

Yaliyoipata Araucanía

Tounens hakuisababisha vita iliyowaondolea Wamapuche uhuru wao. Mpango wa Saavedra ulikuwa mezani kabla ya kukamatwa kwake. Lakini jina lake lilitumika: waliotaka uvamizi waliweza kusema kwamba Chile isipoichukua Araucanía, taifa la Ulaya litaichukua. Mnamo Desemba 1862, chini ya mwaka mmoja tangu akamatwe, jeshi lilijenga upya mji wa Angol ndani ya ardhi ya Wamapuche, na mstari wa ngome ukaanza kusogea kusini.

Sheria nayo ilisogea pamoja na jeshi. Tarehe 4 Desemba 1866 ilitolewa sheria ya kugawa na kuuza ardhi ya mpakani, na mwaka 1868 wabunge wa Santiago walijadili vita yenyewe, huku Benjamín Vicuña Mackenna akiwa kati ya waliotaka iendelezwe kwa nguvu. Saavedra mwenyewe aliendelea kuwaita lonko katika mikutano ya namna ya zamani, lakini sasa ilikuwa ya kupewa masharti. Quilapán alikataa na kupigana. Baada ya uasi mkubwa wa Novemba 1881 kushindwa, jeshi lilifika Villarrica tarehe 1 Januari 1883, na vita ikahesabiwa kuwa imekwisha. Upande wa pili wa Andes Argentina ilifanya vivyo hivyo kwa kampeni yake ya jangwani, iliyoanza mwaka aliokufa Tounens.

Kuanzia mwaka 1884 Wamapuche wa Chile waligawiwa maeneo madogo kwa hati za serikali. Jumla yake, hadi mwaka 1929, ilikuwa takriban hekta 500,000, yaani karibu asilimia 5 tu ya nchi waliyokuwa nayo kati ya Biobío na kusini. Mashamba mengine yalipigwa mnada au kupewa walowezi, wakiwemo wengi kutoka Ulaya.

Hoja ya kisheria aliyoitoa Tounens gerezani imewahi kurudi tangu hapo, ila kwa vinywa vya Wamapuche wenyewe, ambao huitaja Tapihue na mikutano mingine wanapodai ardhi. Mwaka 2021 Chile ilichagua kongamano la kuandika katiba mpya, lenye viti 17 vya watu wa asili, 7 kati yake vya Wamapuche, na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa mwanaisimu Mmapuche, Elisa Loncón. Rasimu yao ilikataliwa kwa kura ya maoni tarehe 4 Septemba 2022.

Warithi wa kiti

Baada ya kifo cha Tounens cheo kilichukuliwa na Mfaransa mwingine, Gustave-Achille Laviarde, aliyejiita Achille I. Aliishi kwa raha mjini Paris hadi kifo chake mwaka 1902 bila kukanyaga Araucanía. Tangu hapo wafalme wa kujitangaza wamefuatana nchini Ufaransa, hakuna aliye wa damu ya Tounens wala ya Wamapuche. Baadhi yao wametumia cheo chao kuongea juu ya haki za Wamapuche katika mikutano ya kimataifa, na katika miaka ya karibuni kumekuwa na ugomvi kuhusu nani ni mrithi halali.

Mwandishi Jean Raspail aliandika riwaya kuhusu maisha yake, iliyopata tuzo ya riwaya ya Akademia ya Ufaransa mwaka 1981. Raspail alijiita konsuli wa Patagonia, na mwaka 1984 alikwenda na wenzake kwenye visiwa vidogo vya Minquiers, katika mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza, wakapandisha huko bendera ya ufalme ya buluu, nyeupe na kijani. Walirudia tena mwaka 1998.